Kwa mnaoanza kujifunza kupiga picha: tafuteni projekti kwanza

Wadogo zangu mnaoanza mwaka wa kwanza, swali ninaloulizwa sana ni "kaka ninunue kamera gani", na najua mnauliza kwa nia njema maana hela yenyewe ni ya kuungaunga. Ila naomba nianze na swali lingine kabisa, unataka kupiga picha za nini? Usiniambie za kila kitu. Nataka sehemu gani, watu gani, kazi gani, kitu ambacho ukiamka Jumamosi miguu inakupeleka huko yenyewe, hiyo ndo naita projekti. Mimi miezi ya mwanzo nilikuwa napiga machweo, maua, paka, boda ikipita, mafaili yakajaa kwenye laptopu na ukiniuliza nimejifunza nini nashindwa kukujibu. Nilianza kujifunza kweli siku nilipoamua muhula mzima nitapiga saluni moja tu ya kiume, kwa kinyozi mmoja Mwananyamala, Dar es Salaam, kila Jumamosi.

Saluni yenyewe ndogo, viti viwili, kioo kirefu chenye ufa kwenye kona, bango la mitindo ya nywele limepauka mpaka nyuso zote zimekuwa za bluu, na juu tyubu laiti mbili. Jumamosi ya kwanza nikapiga picha kama mia mbili hivi, nafika nyumbani naziangalia, nusu nzima zina mistari, mikanda ya giza inakatiza katikati ya uso wa mteja, nyingine juu nyeupe chini zimeenda kwenye chungwa. Nikajua kamera imekufa, na ilikuwa ya mtumba, nimeilipia kwa miezi minne, usingizi sikuupata.

Kumbe kamera nzima kabisa, jambo lenyewe ni taa. Umeme wetu ni wa 50 Hz, yaani mawimbi 50 kwa sekunde, na taa inawaka mara mbili kwa kila wimbi, kwa hiyo tyubu na LED nyingi za bei rahisi zinawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, jicho halioni lakini kamera inaona. Shata, ile pazia inayofunguka kuingiza mwanga, ikiwa ya haraka, tuseme 1/500 ya sekunde, haifunguki picha nzima kwa mpigo mmoja, linapita dirisha jembamba kutoka upande mmoja wa sensa (kile kibamba kinachonasa mwanga) kwenda mwingine, sasa eneo moja linapitiwa taa ikiwa imewaka na lingine taa ikiwa imefifia, ndo hiyo mikanda. Ukiweka 1/100 au 1/50 kila sehemu ya picha inapata mpigo mzima wa taa, mistari inaondoka. Sikutaka kukariri tu, Jumamosi iliyofuata nikasimama pale pale, nikapiga kile kioo kwa 1/500, 1/250, 1/125, 1/100, 1/50, kitu kingine chochote sijabadilisha, na nikaona kwa macho yangu mikanda inavyopungua mpaka kwenye 1/100 ikaisha. Mpaka leo hii nikiingia ukumbini, msikitini, ofisini, naangalia taa kwanza kabla sijafungua begi.

Ndo maana nasisitiza projekti. Ningesoma jambo hilo darasani ningelisahau, lakini nilikuwa na sababu ya kulitafuta, nilikuwa nataka zile picha.

Na tatizo moja linakuletea jingine. Kwa 1/100 mkono wa kinyozi ukienda mbio unatikisika kwenye picha, na siwezi kuongeza spidi maana mikanda inarudi. Basi nikaweka kamera mapajani nikawa namwangalia tu. Kila akimaliza mstari mmoja anainua mashine, anapuliza nywele kwenye meno ya mashine, anatazama kioo, hapo anatulia kama sekunde moja. Nikaanza kuisubiri ile sekunde. Hakuna mwalimu angeweza kunifundisha hilo, ni kwa sababu nilikaa.

Sasa suala la ngozi, hapa nitakaa kidogo maana linaniuma. Mteja akishafungwa kile kitambaa cheupe shingoni, picha inatoka kitambaa kimekuwa cha kijivu na uso umekuwa mweusi tii, macho hayaonekani. Watu watakwambia ngozi nyeusi ni ngumu kupiga. Usikubali. Kamera inapopima mwanga inadhani kila kitu mbele yake kwa wastani ni cha kijivu, kwa hiyo ikiona weupe mwingi inapunguza mwanga, ikiona weusi mwingi inaongeza. Haijui kama pale kuna mtu. Wewe ndo unajua. Pima mwanga kwenye shavu lake, au ongeza eksposha (kiasi cha mwanga kwenye picha), piga bila kuongeza, piga kwa +0.7, piga kwa +1.3, halafu zilinganishe. Na mjue kwamba hii dharau ina historia, enzi za filamu za rangi maabara za kusafishia picha kwa miaka mingi zilipimia rangi kwa kadi zenye picha ya mwanamke wa kizungu, zilikuwa zinaitwa kadi za Shirley, ngozi yake ndo ikafanywa kipimo. Kwa hiyo ukijifunza kumpiga bibi yako vizuri, kila mkunjo unaonekana na rangi yake ni ile ile unayoijua, hiyo ni kazi ya heshima.

Kilichonisaidia zaidi ya namba zote ni mlango. Nilimwomba kinyozi azime tyubu dakika tano, tukageuza kiti mteja akawa ubavu kwa mlango, mwanga wa nje ukaingia kutoka upande mmoja, laini, na upande wa pili nikashikisha kipande cheupe cha foma la friji, ile wanayofungia, kurudisha mwanga kidogo kwenye kivuli. Ngozi nyeusi inapendeza kwa ule mng'ao, mwanga unapolala juu ya paji la uso na mfupa wa shavu, na mng'ao huo unaupata kwa mwanga mpana wa pembeni. Flashi ya juu ya kamera inautawanya usoni mzima, mtu anaonekana ana mafuta.

Kuhusu daftari. Nilipoanza nilikuwa naandika shata, apacha (upana wa tundu la lenzi), ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) ya kila picha mpaka nikachoka, wakati kamera inayahifadhi yote hayo ndani ya faili yenyewe. Andika kile kamera isichokijua: saa ngapi, mlango ulikuwa wazi au umefungwa, mawingu, ulikuwa unatafuta nini na kwa nini umekosa. Na kwenye kila jaribio badilisha kitu kimoja tu. Ukibadilisha viwili, picha ikitoka nzuri hujui umshukuru nani.

Jaribio ambalo ningependa kila mmoja wenu alifanye wiki hii hii, na halina gharama, ni kugeuza chumba chako kuwa kamera. Chagua chumba chenye dirisha linaloangalia barabara au uwanja wenye jua, ziba dirisha lote kwa maboksi na gundi ya karatasi mpaka giza litande, usiache hata ufa, halafu toboa tundu moja la upana wa kidole gumba. Kaa gizani dakika kama kumi macho yazoee. Mimi kwangu kulikuwa na bajaji zinapita ukutani kichwa chini, miguu juu, muuza matunda na mwavuli wake juu ya kitanda changu, rangi zote zipo, na mama mwenye nyumba alipopita na ndoo tukamsikia nje huku na kumwona ukutani kule, rafiki yangu akanyamaza kabisa. Sasa badilisha tundu, liwe la upana wa kalamu, halafu la njiti ya kiberiti. Kila likipungua picha inakuwa na ncha kali zaidi na inazidi kuwa hafifu. Hiyo ndo apacha, umeiona bila kusoma zile namba zake za f/, na hutaisahau. Ibn al-Haytham, mtu wa Basra aliyefanyia kazi Cairo, alishayachunguza haya ya mwanga unaopita kwenye tundu miaka kama elfu moja iliyopita. Na karibu na kwetu alikuwepo Omar Said Bakor wa Lamu, Kenya, alijifundisha mwenyewe upigaji picha, akawa anakata picha na kuziunganisha kwenye studio yake mpaka watu wakatokea mahali ambapo hawajawahi kukaa. Hakusubiri vifaa.

Vifaa nitasema haraka. Simu yenye modi ya kuweka settingi mwenyewe inatosha kuanzia. Ukipata hela chukua bodi (kamera yenyewe bila lenzi) ya zamani iliyotumika na lenzi ya 50mm f/1.8, kampuni nyingi wanayo na mara nyingi ni kati ya lenzi zao za bei nafuu. Memori kadi usinunue ya mtaani isiyoeleweka, na faili ziwe sehemu mbili siku hiyo hiyo kabla hujalala.

Watu. Usimpige mtu kisha ukaondoka. Mzee mmoja aliyekuja kunyoa nilimsalimia, shikamoo mzee, mimi mwanafunzi najifunza kupiga picha naomba nikupige, akanijibu marahaba, halafu akasema, "mjukuu wangu, kila siku watu wanatupiga, hizo picha zinaendaga wapi?" Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo nasafisha picha na kuzirudisha, saizi ndogo tu ya posti kadi, bei yake haifiki sahani ya wali, na yule mzee alipopokea ya kwake aliiangalia muda mrefu akaiweka kwenye mfuko wa shati upande wa moyo.

Mwisho wa muhula nilimpelekea kinyozi picha kumi na mbili achague ya kubandika ukutani. Nilikuwa na uhakika atachukua ile ya mlango wazi, yenye mwanga mzuri. Akachukua ambayo nusura niitie kapuni, ya 1/50, mkono wake umetikisika wote haueleweki, uso wake tu umetulia anaangalia nywele. Akasema, "hii ndo mimi nikiwa kazini." Ipo chini ya lile bango la bluu mpaka sasa. Muhula huu nimerudi na tripodi, ile stendi ya miguu mitatu, nampiga kwa 1/25 na chini zaidi, natafuta ule mkono ugeuke kama moshi na jicho libaki kali. Jumamosi tatu nimeenda, bado sijaipata.