Kutoka Virginia hadi Ikulu ya Marekani

Umeuliza kama mtu wa TEHAMA wa serikali ya jimbo huko Marekani anaweza kupanda hadi serikali kuu. Mbona wapo! Mtazame Vivek Kundra, ambaye utoto wake aliupitia Tanzania na Kiswahili anakijua. Mwaka 2006 alikuwa waziri msaidizi wa biashara na teknolojia Virginia, 2007 akapewa teknolojia ya jiji la Washington, na Machi 2009 Obama akamkabidhi TEHAMA ya serikali nzima. Mimi namkubali kwa ule ukurasa wake wa mtandaoni wa miradi ya TEHAMA ya serikali: gharama, ratiba, na pembeni picha ya ofisa mhusika. Mradi ukidorora, sura yako hiyo hapo, nchi nzima inakuona. Agosti 2011 akaondoka, kisha 2012 akaingia Salesforce, kampuni ya programu za kompyuta.