Muulize Anko Jiko: Moshi wa Texas nitaupata wapi huku Ujerumani?

Barua za mwezi huu zimenishangaza, nyingi zimetoka kwa watu waliowahi kuishi Marekani halafu maisha yakawapeleka pengine, na karibu wote wanalia njaa ileile: nyama ya moshi, mbavu, vipapatio vya baa. Nimechukua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, wengine mtajiokotea humo humo.

SWALI: Shikamoo Anko. Mimi ni Mtanzania, nimekaa Houston miaka mingi na wanangu wawili wamezaliwa kule, mwaka jana kazi ya baba watoto ikatuleta Frankfurt. Huku tuko salama, shule nzuri, majirani hawana neno, ila chakula Anko! Kule Jumamosi tulikuwa tunapanga foleni kwenye nyama ya moshi, unakatiwa kidari mbele ya macho yako, mbavu, makaroni ya jibini, achari ya matango pembeni, sasa mkubwa wangu kila wikiendi ananiuliza tunaenda lini na mimi sina jibu. Tumejaribu sehemu zenye bendera ya Marekani mlangoni, tukaletewa mbavu zinaogelea kwenye sosi tamu utadhani jamu, na kidari kigumu mpaka mtoto akakitema. Kuna mahali pa kweli huku au nipike mwenyewe? Na nikipika nyama naipataje, maana bucha wa mtaani nilimwonyesha picha kwenye simu akanikatia kilo moja ya kuchemshia supu. – Mama Wawili, Frankfurt

JIBU: Marahaba mama, pole na karibu. Kwanza achana na bendera. Bendera, picha ya barabara ya Route 66 na taa za neon vinauza baga, na baga inaweza kuwa nzuri tu, sikatai, ila nyama ya moshi haihitaji mapambo, inahitaji kuni na masaa. Ukifika mkahawa mpya muulize weita maswali mawili: mnatumia kuni gani, na nyama hii imeingia motoni saa ngapi? Mwenye moshi wa kweli atakujibu hapo hapo, tena atafurahi umeuliza, pengine atakupeleka nyuma ukaone jiko. Akianza kukuambia sosi yetu ni ya siri, mama, agiza chipsi ule uondoke. Dalili nyingine ni nyama kuisha. Kidari cha kilo sita kinakaa motoni kama masaa kumi na mbili, hakuna mtu anayeweza kukuongezea kingine saa mbili usiku kwa sababu umechelewa, kwa hiyo sehemu ambayo ina kila kitu kwenye menyu siku saba mpaka usiku wa manane ujue kuna friji na maikrowevu zinafanya kazi pale nyuma.

Sasa wewe una bahati na hujui. Wiesbaden iko karibu na hapo Frankfurt, na ndiko yaliko makao makuu ya jeshi la nchi kavu la Marekani kwa Ulaya. Ukiteremka zaidi kusini magharibi unakuta Kaiserslautern na kambi ya anga ya Ramstein, eneo lenye jamii ya wanajeshi wa Marekani na familia zao kubwa kuliko yoyote nje ya nchi yao. Maduka ya ndani ya kambi huingii bila kitambulisho chao, usijisumbue hata kwenda getini, lakini watu hawa nao wanatoka nje kula, na mwanajeshi aliyekulia Texas au Carolina hali kidari kibovu mara mbili. Kwa hiyo tafuta mikahawa ya vitongoji vya kuzunguka kambi, usitafute katikati ya jiji kwa watalii. Kiangazi pia kuna sherehe za Wajerumani na Wamarekani, ile ya Grafenwöhr kule Bavaria ni maarufu, kambi inafunguliwa kwa raia na watu wanachoma nyama. Ni safari ndefu kutoka kwako, ila kama mna gari na watoto wanapenda kuona vifaru, mtakula vizuri.

Kuhusu kupika mwenyewe, mimi ningekushauri upike, na nitakwambia kwa nini. Hiyo nyama unayoililia ina damu ya Kijerumani. Karne ya 19 Wajerumani na Wacheki walihamia Texas ya kati, wakafungua mabucha kwenye vimji kama Lockhart, nyama isiyouzika wakaipiga moshi isiharibike, wavuna pamba wakawa wanainunua na kuila pale pale kwenye karatasi ya bucha. Kreuz Market ya Lockhart ilianza mwaka 1900, na jina lenyewe hilo la mwenye duka unalisikia lilikotoka. Wapishi Weusi na Wameksiko nao wakaleta ujuzi wao wa moto na mashimo, ikawa hiyo unayoijua. Sasa hapo Frankfurt kidari cha ng'ombe wanacho tangu zamani, ila wao wanakichemsha taratibu wanakula na sosi yao ya kijani ya majani saba, sosi ya baridi, tamu kweli, ijaribu siku moja. Ndiyo maana bucha wako alikupa kipande cha supu, hakukuonea, kwake kidari kazi yake ndiyo hiyo.

Nenda Kleinmarkthalle, lile soko la ndani katikati ya mji, siku ya katikati ya wiki asubuhi kusipokuwa na msongamano, usioneshe picha. Sema unataka Rinderbrust am Stück, yaani kidari kizima kisichokatwa wala kutolewa mafuta yote kama wanavyozoea, mifupa watoe ila mafuta ya juu wayaache, na utaje kilo tano au sita. Atakuuliza kama una mgahawa. Mwambie hapana ni wa nyumbani, na uko tayari kusubiri siku kadhaa, maana kipande hicho lazima kiagizwe. Halafu ongeza neno moja, Färse, ndiye ng'ombe jike mdogo ambaye hajazaa, nyama yake ina mafuta ndani kwa ndani kuliko ya dume. Ukichukua ya dume kijana, ambayo ndiyo imejaa madukani, utaipiga moshi siku nzima na bado itakuwa kavu. Ya kutoka Marekani ipo, inauzwa imegandishwa kwa wauzaji wa kwenye intaneti, ila Ulaya walizuia nyama ya ng'ombe wa homoni tangu 1989, inayoingia ni ya ng'ombe wasiopewa hizo homoni tu na bei yake mama, utakaa chini kwanza.

Kuni usihangaike kutafuta mwaloni wa Texas. Ujerumani wanatumia Buche kupiga moshi nyama zao, ni mti wa moshi mpole, unauzwa kila mahali penye kuni za kupashia nyumba joto, na mwaloni wa kwao pia upo. Kuni ziwe kavu, na usithubutu mbao za fenicha au zenye rangi. Viungo ni chumvi na pilipili manga ya kusaga nene, basi, paprika na sukari waachie watu wa Memphis na Kansas City kwa ajili ya mbavu zao.

Jiko: lile la duara la Weber lenye mfuniko linatosha kabisa, makaa yapange upande mmoja, nyama upande wa pili, bakuli la maji chini yake, vipande viwili vya kuni juu ya makaa, matundu ya hewa uyabane mpaka joto likae kati ya nyuzi 110 na 120 za Selsiasi. Hapa sasa ndipo watu wengi wanaoanza wanachanganyikiwa: nyama ikifika kama nyuzi 70 ndani inagoma. Masaa mawili, matatu, kipimajoto hakisogei, unaanza kudhani makaa yamekufa unaongeza moto na hapo ndipo unaiua. Haijagoma, inatoa jasho, maji yanayokauka juu yanaipoza kadiri moto unavyoipasha. Kunja kwenye karatasi nene ya bucha isiyo na nta, irudishe, itaendelea yenyewe. Na kama unakaa ghorofani, soma kwanza mkataba wa nyumba maana mingi inakataza mkaa kwenye balkoni, na hata usipokataza, moshi wa masaa kumi na mbili kwa jirani Mjerumani siku ya Jumapili, hapana. Fanya hivi: nenda kwenye sehemu za kuchomea nyama za bustani za mji, au kwa rafiki mwenye uwanja, ipige moshi masaa manne matano ya mwanzo ambapo ndipo nyama inashika moshi zaidi, ikunje, rudi nayo nyumbani umalizie kwenye oveni kwa joto lilelile. Mtu akikwambia hiyo ni kudanganya mpe kipande ale anyamaze.

Itoe ikifika kama 95, lakini namba sio mwisho wa habari, chomeka kijiti kwenye sehemu nene, kiingie bila kusukuma. Iache ipumzike ndani ya boksi la barafu lisilo na barafu, saa moja au mbili. Ukikata, angalia nyuzi, kidari ni misuli miwili imelaliana na nyuzi zake zinaelekea tofauti, kata kuvuka nyuzi na ukifika sehemu ya mafuta geuza kisu. Kipande kikining'inia kwenye kidole bila kukatika na ukikivuta kidogo kikaachia, mwite mkubwa wako mezani.

SWALI: Asalaam aleikum Anko. Mimi Mzanzibari niko Muscat, nilisoma Marekani jimbo la Missouri nikazoea mbavu za babekyu za kule, lakini nilikuwa nakula za ng'ombe tu nilipozipata, ya nguruwe sili. Huku hoteli za Kimarekani zipo ila nyama zao sioni kitu. Na hivi kuna babekyu ya Kimarekani ya mbuzi au kondoo kweli au nitabaki na hamu? – Bin Juma

JIBU: Waaleikum salaam kijana wangu. Ipo, tena ya asili. Mji wa Owensboro, jimbo la Kentucky, watu wanapiga moshi kondoo mkubwa miaka nenda rudi, wanampaka maji meusi yenye siki, pilipili na sosi ya Worcestershire wakati anaiva, na kule babekyu ya kondoo ndiyo fahari yao. Kwa hiyo kondoo hapo Muscat haubahatishi, ni mapishi yanayokubalika kwao.

Mbavu za ng'ombe mwambie bucha akupe zile ndefu za chini ya kifua, kubwa, zenye nyama nene juu ya mfupa, akuachie mbavu tatu zikiwa zimeshikana asizitenganishe kwa msumeno. Zina mafuta mengi kuliko kidari na zinasamehe makosa. Hizo Texas wanazipenda sana.

Ila wewe ndugu yangu unakaa Oman na hujanitajia shuwa? Nyama inapakwa viungo, inafungwa majani, inateremshwa shimoni kwenye makaa siku ya Idi, inafukiwa inakaa siku nzima au mbili. Kusini mwa Texas mpakani na Meksiko wana barbacoa, kwa jadi kichwa cha ng'ombe kilifukiwa shimoni vilevile usiku kucha kikaliwa asubuhi. Shuwa iliyobaki ichambue kwa mikono, weka kwenye mkate wa baga na kabichi iliyokatwa nyembamba ya siki, pilipili kidogo, utakula vitatu bila kujua. Moshi hautakuwa mwingi kwa sababu imefungwa, hilo nakubali.

Angalizo moja kwa nyie mnaochunga halali, na huko Dubai na Kuwait ambako sehemu za nyama ya moshi zimekuwa nyingi mko salama zaidi kuliko mkisafiri Ulaya: nyama inaweza kuwa ya ng'ombe na maharage pembeni yakawa yamepikwa na bekoni, mboga za majani hivyo hivyo, na baadhi ya sosi za chupa zina whisky ya bourbon. Soma chupa.

SWALI: Anko vipi, niko Coventry, kila pabu huku imeandika vipapatio vya Buffalo na kila mahali naletewa kitu tofauti, mara vina unga juu, mara vitamu. Vya ukweli vikoje? – Kaka wa Coventry

JIBU: Salama kaka. Vilianza Anchor Bar, mji wa Buffalo, New York, mwaka 1964, na havina unga wala sukari. Vinakaangwa vitupu mpaka ngozi ikauke, vinarushwa kwenye bakuli lenye siagi iliyoyeyuka na pilipili ya chupa ya cayenne, unapewa seleri na sosi ya jibini la bluu. Hiyo pilipili, Frank's, ipo mpaka supamaketi za hapo kwako. Ukiona wamekuletea sosi ya pilipili tamu ya Kithai, jua vimetoka kwenye friji.

Wakitaka kukuambia Waingereza hawajui vyakula hivi wakumbushe mkahawa wa Hard Rock Cafe ulianzia London 1971, ukaanzishwa na Wamarekani wawili. Lakini siku hizi kama unataka vizuri nje ya nyumba, nenda baa ya michezo Jumapili jioni msimu wa NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, kuanzia Septemba, si siku nyingine. Jikoni wanakuwa na watu wanaovila kwa ndoo, mafuta yana moto, vipapatio havikai. Nyumbani vikaushe kwa taulo la karatasi, vinyunyizie chumvi na beking pauda kidogo, viache usiku kucha kwenye friji bila kufunika, kesho yake oveni nyuzi 220 dakika arobaini na tano uvigeuze katikati. Sosi unaweka mwisho, vikiwa bado vinachemka, na unakula hapo hapo maana vikikaa robo saa vinalowa.