Vanishi kubanduka kwenye mlango wa mvule: anzia kwenye mbao

Umeuliza kwa nini mlango wako wa mvule pale Milimani, Kisumu, unaotazama magharibi, umebanduka vanishi kabla ya mwaka kuisha, na kama kuongeza koti kutasaidia. Ukiongeza vanishi ileile, hapana.

Vanishi angavu isiyo na kinga hupitisha miale ya urujuanimno (UV) ya jua. Miale hiyo huvunja lignini, gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mbao, wakati vanishi yenyewe bado nzima. Kwa hiyo kinachoachia ni ngozi ya mbao. Chukua kipande kilichobanduka ukigeuze: utaona nyuzi zimeganda upande wa ndani. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na jua la saa kumi linaupiga mlango wako usoni. Mvua ya jioni inamalizia kazi kupitia nyufa.

Pia muulize fundi alipaka nini. Wengi hutumia ile lakeri inayokauka kwa dakika chache na kunuka tina (thinner). Hiyo ni ya fanicha za ndani. Nje hupasuka kwa sababu mbao hutanuka na kunywea, yenyewe haifuati.

Ondoa yote. Msasa namba 80, kisha 120, ishia 150. Ukilainisha mbao tupu kupita 220 vanishi inakosa pa kushika. Vaa barakoa, vumbi la mvule linawasha vibaya. Mvule pia una utomvu unaochelewesha vanishi ya mafuta kukauka, kwa hiyo futa kwa kitambaa chenye asetoni, iache ikauke, na upake siku hiyohiyo. Mbao tupu ikikaa juani hata wiki moja, uso wake umeshaanza kudhoofika.

Kwanza paka rangi ya mbao ya kahawia yenye oksidi ya chuma, ile inayoacha mistari ionekane. Chembe zake huzuia miale kwa namna ambayo kemikali za kinga ndani ya vanishi angavu hazifikii. Juu yake weka vanishi ya poliurethani ya nje, koti nne, la kwanza likizimuliwa kwa asilimia 10 ya spiriti nyeupe (white spirit). Piga msasa 240 kati ya koti. Pande zote mbili za mlango ni kama mita 4 za mraba, na lita moja hufunika takriban mita 10 kwa koti moja, hivyo nunua lita 2.

Tafadhali ung'oe mlango kwenye bawaba. Ukingo wa chini mafundi huuacha mtupu kwa sababu hauonekani, na ndio unaonyonya maji kuliko sehemu nyingine yoyote; vivyo hivyo ukingo wa juu.

Paka asubuhi, umande ukishakauka, mlango ukiwa kivulini. Mbao ya moto hutoa mapovu.

Kila mwaka mwagia maji kidogo. Yakisambaa badala ya kusimama matone, osha, pitisha msasa 240, ongeza koti moja. Usisubiri ibanduke, maana hapo utarudi kwenye msasa namba 80.