Viti vya nje huozea miguuni

Juzi msomaji wa Kigamboni kaniandikia: "Dada, mgao wa kikoba umetoka, nimenunua seti ya mtiki ya kukaa nje. Nipake vanishi gani idumu?" Kaambatanisha na picha. Viti vizuri kwa kweli, vimepangwa juu ya nyasi mbichi. Nikamjibu aachane na vanishi kwanza, aviondoe kwenye nyasi. Kanyamaza mpaka leo. Nadhani kanuna, basi ngoja niwaeleze wote, maana najua kila mmoja wenu anataka upenu ambao mgeni akikaa hataki kuondoka.

Mimi viti vyangu, benchi na meza ni vya mtiki wa Muheza, na viko nje hapa Raskazone, Tanga, tangu 2014. Ukikaa kwenye benchi unaiona bahari. Mwezi uliopita alikuja mgeni kutoka Arusha, akaniuliza nimevinunua duka gani, naye aagize. Nilipomtajia mwaka aliinama akapitisha kiganja chini ya mkono wa kiti kama anayetafuta nilipoficha uongo. Siku ile maandazi nilimwongezea bila kuombwa.

Nina sababu ya kujivuna, maana nimechekwa sana. Wifi yangu mmoja alikuwa kila akinikuta Jumamosi na ndoo na kitambaa ananiita "mke wa viti", tena mbele za watu. Kwake aliweka seti ya chuma, nyeupe, migongo imesokotwa maua, na muuzaji alimwapia kuwa ni ya nje. Nje kule Dodoma labda! Hapa upepo wa bahari unaleta chumvi, chumvi inakaa juu ya chuma na kuvuta unyevu hata siku ambayo mvua haijanyesha, kwa hiyo chuma hakikauki sawasawa. Masika ya pili rangi ilivimba malengelenge kwenye maungio, kutu ikatoka, na sikukuu ya Idi shemeji mmoja akainuka na mstari wa kahawia kwenye kanzu yake nyeupe. Seti ile sasa iko nyuma ya banda la kuku. Sikumcheka, ingawa neno lilinifika mdomoni. Mwenye chuma pwani akioshe kwa maji ya bomba kila wiki, akiona kutu aikwangue kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, na apake praima, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, siku hiyohiyo.

Sasa mbao. Mbao ni kama fungu la mirija ya soda iliyobanwa pamoja. Upande wake unanyonya maji polepole, lakini pale ilipokatwa kichwani mirija yote iko wazi, na kiti kinasimamia hapohapo. Ndiyo maana mgongo unaweza kung'aa huku miguu imeshakuwa myeusi na laini, ukiubonyeza kwa ukucha unazama. Siku ya jua pindua kiti, miguu juu. Chovya brashi kwenye mafuta ya linsidi, yale ya mbegu za kitani, pakaa unyayo wa mguu. Utaona mafuta yanazama hapohapo, kama hukupaka kitu. Ongeza. Yakizama, ongeza tena, mpaka yabaki juu yanang'aa, hapo umeshiba. Futa yaliyobaki. Kisha usikirudishe kwenye udongo. Kila mguu upe kipande cha kigae, vile vilivyobaki fundi alipomaliza choo.

Kuhusu hiyo vanishi mnayoipenda: inaweka ngozi juu ya mbao. Jua la Januari na Februari linaipasua ngozi hiyo, masika yakifika maji yanapenya kwenye nyufa na kukaa chini yake, na mbao inaanza kuwa na mabaka meusi. Hapo huna njia ila kusugua yote kwa msasa. Wazee wetu wa majahazi walipaka mbao mafuta ya sifa, ya papa, nao walijua maji ni nini. (Msijaribu barazani. Harufu ile itawafukuza hata paka.) Linsidi inatosha, kwa tabaka jembamba, na kila unachopaka ukifute baada ya robo saa, la sivyo kitanata na kukusanya vumbi. Matambaa ya kufutia yatandaze nje yakauke. Ukiyafinyanga na kuyatupa kwenye kona yanapata joto yenyewe na yanaweza kuwaka moto bila kiberiti.

Mimi napaka Februari, kabla ya masika. Juni mvua zikiisha nasugua ukungu kwa brashi laini na sabuni, nikifuata mkondo wa mbao. Vuli nakaza skrubu, basi. Mbao ikigeuka kijivu msihangaike, jua limekula juu tu. Ukifunika viti kwa turubai, lisiguse mbao na lisifike chini, upepo upite, kwa sababu unyevu uliofungiwa kwenye joto huzaa ukungu.

Jamani, sisi hodari wa kununua! Tutachangishana mwaka mzima, tutapiga picha siku ya kwanza, halafu kuosha kiti tunamwachia Mungu na masika. Halafu mtu anayeosha ndiye anaitwa mke wa viti.

Na kabla hujalipa salio kwa fundi, pindua kila kiti uangalie rangi. Mbao ya moyo wa mtiki ni ya kahawia na ina mafuta yake ya asili. Ile nyeupe ya pembeni, karibu na gome, haina kinga hiyo, na mchwa wanaijua kuliko sisi. Mafundi wengine huichanganya wakaificha kwa rangi, na mara nyingi huiweka miguuni, ambako hakuna anayetazama. Ukiuona utepe mweupe, mwambie abadilishe mguu huo, hela ibaki mfukoni mwako.