Fundi Anajibu: Hiyo kilo 3,500 ya kuvuta nani kaipima?

SWALI: Assalaam aleikum fundi. Mie nipo Wete, nina Hilux ya dizeli dabo kebini na boti ya faiba, naihamisha mara huku mara Mkoani kwa tela nililochomelewa na fundi wa hapa hapa mtaani. Nimesoma kwenye simu kuwa Hilux inavuta kilo 3,500, boti yangu na kila kitu chake haifiki hata nusu ya hizo, lakini nikipanda vile vilima vya njiani mshale wa joto unapanda, na nikishuka nahisi kama mtu ananisukuma kwa nyuma. Jirani anasema injini imechoka niiuze. Sasa hiyo 3,500 kaipima nani na kaipima vipi, au maneno ya biashara tu? – Msomaji, Wete

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Injini yako sijaiona kwa hiyo siiapii, lakini usiuze gari bado, maana hilo la kusukumwa kwenye mteremko halihusiani na injini kabisa na ntakwambia kwa nini.

Mwanzo tuelewane, namba ile sio nguvu ya injini. Kuvuta peke yake si kazi kubwa, hata Keri, kile kigari kidogo cha mizigo cha Suzuki, ukiitia gia ya kwanza kwenye lami bapa itakokota tani mbili polepole mpaka utachoka wewe. Kazi ipo kwenye kupanda mlima mrefu bila kuchemsha, kuondoka ukiwa umesimama kwenye mwinuko, kusimama unapotaka kusimama, na kwenda bila tela kuanza kucheza mkia. Wanapopima wanaangalia vyote hivyo, na kile kitakachoshindwa mwanzo, iwe rejeta, gia boksi, breki au chesisi, ndio kinachoweka namba. Injini inaweza kuwa na nguvu zake zimebaki nyingi tu.

Zamani kila kampuni ilijipimia yenyewe kwa njia zake, na kwa vile pikapu kule Marekani zinauzwa kwa kushindana namba, kila mmoja anataka awe juu ya mwenzake, unajua tena. Mwaka 2008 jumuiya ya mainjinia wa magari ya kule, SAE, ikatoa kipimo kimoja kinaitwa J2807. Toyota ndio wa mwanzo kukifuata, kwenye magari ya mwaka 2011, na namba za Tundra, pikapu yao kubwa, zikashuka wakati gari ni ile ile. Wengine wakawa wanategeana, hakuna aliyetaka namba yake ishuke peke yake, mpaka kufika kama 2015 ndio wakubwa wengi wakaingia.

Kipimo chenyewe sio mchezo. Kuna barabara Arizona, inaanzia karibu na bwawa la Davis, inapanda kama kilomita 18 mfululizo na mwisho wake umeshapanda karibu mita 900. Kilima chetu cha Masingini kule Unguja hakifiki hata mita 150, kwa hiyo fikiria mwenyewe. Gari inapandishwa pale na tela lake, joto nje digrii 38, eisi imewashwa mpaka mwisho, na pikapu ya kawaida hairuhusiwi kwenda chini ya kilomita 64 kwa saa mpaka ifike juu, na isiharibike kitu. Halafu iweze kutoka sifuri mpaka kilomita 96 kwa saa ndani ya sekunde 30.

Kingine, na hiki nyinyi wa boti ndio chenu hasa, inawekwa kwenye mwinuko wa asilimia 12, yaani kila mita 100 unazokwenda umepanda mita 12, inasimamishwa na kuondoka mara tano ndani ya dakika tano, mbele na tena kwa rivasi. Ulaya nao wana sharti kama hilo la kuondoka mara tano kwenye asilimia 12. Ukiona mtu anatoa boti dikoni, klachi inanuka, watu wanapiga kelele "ongeza, ongeza", basi jua anafanya mtihani ule ule, ila yeye anafanya kwenye mchanga mbichi na wenzake walifanya kwenye lami kavu.

Sasa twende kwenye Hilux yako, ambayo namba yake kaiandika Toyota mwenyewe. Hiyo 3,500 ni ya baadhi ya Hilux za dizeli 4x4 za miaka ya karibuni, za zamani zina namba ndogo, kwa hiyo angalia yako ya mwaka gani kwanza. Pili, ni namba ya gari ikiwa karibu tupu. Kipimo cha Marekani kinahesabu dereva na abiria mmoja, kilo 68 kila mtu, basi. Kuna uzito mwingine ambao watu hawausomi, ule wa gari na tela pamoja, na huo ndio bosi. Kwa mfano zipo Hilux za soko la Australia zimeandikwa gari peke yake ikijaa isizidi kilo 3,050, na gari na tela pamoja zisizidi 5,850. Toa 3,050 kwenye 5,850, unabakiwa na 2,800. Ile 3,500 imeenda wapi? Umeipakia kwenye bodi wewe mwenyewe, wavuvi wanne, nyavu, madumu na deli la barafu.

Na la tatu ndio linalokusukuma kwenye mteremko. Namba kubwa zote hizo ni za tela lenye breki zake. Tela lisilo na breki, Hilux hiyo hiyo imeandikiwa kilo 750 tu! Sheria ya Ulaya inasema tela lisilo na breki lisizidi kilo 750 au nusu ya uzito wa gari, itakayokuwa ndogo kati ya hizo. Tela lako kachomelea fundi wa mtaani, na matela ya hivyo niliyoyaona mimi ni chuma, ekseli na magurudumu mawili, breki hakuna. Tupige hesabu ya kukisia: boti kilo 600, mashine 75, petroli lita 60 ni kama kilo 45, nanga na kamba na makorokoro 80, tela lenyewe 250. Tayari 1,050, na bado hatujahesabu maji yaliyobaki ndani ya boti, kila lita ni kilo moja. Umeshapita 750 zamani, na mzigo wote huo ukishuka unasimamishwa na breki za gari peke yake, hapo vipi usisukumwe.

Kwa hiyo pesa ulotaka kuongezea gari nyengine tafuta ekseli yenye breki. Zipo zile ambazo gari ikipunguza mwendo tela linajisukuma mbele na kule kujisukuma ndiko kunakovuta waya wa breki, hazitaki umeme wala nini. Mpaka uipate, shuka kwa gia ndogo uliyopandia, usikae juu ya pedali ya breki mpaka ziungue, na petroli na barafu nunua ukishafika. Joto nalo, kabla hujasema injini imechoka, toa rejeta isafishwe na uangalie feni, mara nyingi vumbi na kutu tu.

Jambo jengine, pua ya tela. Weka ile sehemu inayokaa kwenye ndoano ya gari juu ya mizani ya kupimia magunia ya karafuu, Pemba mizani haikosekani, tia na kipande cha mti ili iwe urefu ule ule kama imefungwa kwenye gari. Wamarekani wanataka asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wote, Ulaya wanaweka chini ya hapo. Kwa 1,050 yako kilo 100 hivi ni sawa, lakini angalia na ndoano yenyewe imeandikiwa kiasi gani. Ikiwa nyepesi sana, maana yake mashine imeuvuta uzito nyuma, na tela la hivyo ndio linaloanza kuyumba ukienda mbio. Sogeza boti mbele.

SWALI: Fundi, nina RAV4 ya kutoka Japani, kitabu cha gari kimeandikwa Kijapani sifahamu kitu. Nataka kuvutia tela la jeti ski Kiwengwa. Nikitafuta, Marekani wanasema namba moja, Ulaya nyengine kubwa zaidi. Nifuate ipi? – Kijana wa Kiwengwa

JIBU: Gari za soko la ndani la Japani mara nyingi hazikuandikiwa kuvuta tela kabisa, kwa hiyo hata ukisomewa hicho kitabu pengine hukuti kitu. Tofauti ya Ulaya na Marekani ni kuwa Ulaya tela linakwenda mwendo mdogo kisheria na pua yake ni nyepesi, kwa hiyo wanaruhusu uzito mkubwa. Wewe fuata ndogo. Jeti ski moja na tela lake jepesi sina wasiwasi nayo, mbili usijaribu. Na ukiitia majini usizamishe beringi za magurudumu zikiwa bado moto, zinanyonya maji chumvi, na ukirudi zimwagie maji yasiyo na chumvi.

SWALI: Noah yangu otomatiki imezima Tunguu, naweza kuvutwa kwa kamba mpaka mjini? – Msomaji, Mwanakwerekwe

JIBU: Usifanye hivyo. Nyingi ya hizo zinavuta kwa magurudumu ya mbele, na injini ikizima pampu ya oili ya gia boksi haifanyi kazi, kwa hiyo unasaga vyuma vikavu njia nzima. Ita brekdauni inyanyue mbele. Ikiwa yako ni ya zamani inayovuta kwa magurudumu ya nyuma, au ni fo wili, ipakiwe yote juu.