Jibu: Mtoto wa jirani anapigwa kila siku, niripoti wapi?
Mkuu, umeuliza uanzie wapi bila kugombana na jirani. Piga 116, namba ya simu ya kusaidia watoto, ni bure, eleza unachokiona na mtaa ulipo. Ukipenda kwenda mwenyewe, nenda kituo cha polisi uulizie Dawati la Jinsia na Watoto, usiishie kaunta ya mbele kwenye kelele za wenye pikipiki zilizokamatwa. Mtoto akiwa na majeraha ataandikiwa PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri naye anahusika.

Na usiogope kuitwa mbea: Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 inakutaka utoe taarifa. Mjumbe wa nyumba kumi mwache kwanza, wengine huanza kusuluhisha kwa soda.