Ukishaacha gemu za mashindano, jioni zako utazifanyia nini?

Wiki za mwanzo ni rahisi. Watu wanakupongeza, unalala mapema, macho hayawashi, humkasirikii tena mtu usiyemjua eti kwa sababu amekufa mapema kwenye mechi. Ngoja mwezi uishe. Itafika jioni moja kazi zimekwisha, umeoga, umekula, halafu unakaa tu, hujui ushike nini. Ushauri mwingi ninaousikia unaishia kwenye kuacha. Kwangu mimi, kuacha ndiko kulikokuwa kwepesi.

Nilicheza kwa miaka gemu za timu, watano kwa watano: mechi za ranki, yaani za kupanda na kushuka daraja, usiku, mashindano mwisho wa wiki. Kitu nilichokikosa kuliko vyote ni ile namba ya kiwango pembeni ya jina langu.

Namba hiyo ina asili yake. Arpad Elo, profesa wa fizikia wa Marekani mzaliwa wa Hungaria, alibuni hesabu ya kupima wachezaji wa sataranji, na shirikisho la dunia la mchezo huo, FIDE, likaichukua mwaka 1970. Gemu nyingi za ushindani leo zinatumia hesabu hiyo au jamaa zake. Ukimpiga aliyekuzidi unapata pointi nyingi, ukimpiga wa chini yako unaokota chache, na kila mara unatafutiwa mpinzani wa saizi yako. Kwa hiyo ukishafika kiwango chako utashinda takriban nusu ya mechi na kupoteza nusu, uwe hodari au wa kawaida tu. Kila usiku unajiona umebakiza mechi mbili tatu upande daraja. Halafu msimu unaisha, ranki zinarudishwa nyuma, mnaanza upya.

Sasa hebu linganisha na maisha ya kawaida. Hakuna bosi anayekuambia jioni kwamba leo umepanda pointi 18. Ukiwa baba au mama mzuri, hakuna alama inayowaka kichwani pako. Ukimya huo ndio unaowarudisha watu, na wasiorudi wengi wanaukimbia ukimya huohuo kwa namba nyingine: programu ya kuhesabu hatua, au mbaya zaidi, kubeti. Ushauri wangu: kwa miezi ya kwanza usitafute namba mpya. Tafuta kitu kinachokujibu chenyewe.

Mimi nilishika useremala mdogomdogo. Randa ikiwa na makali na ukafuata nyuzi za mbao, maranda yanatoka marefu, membamba, yamejikunja. Ukienda kinyume, mbao inachanika na unaisikia mkononi kabla hujaiona. Jibu linakuja papo hapo, ila hakuna wa kukupanga nafasi ya ngapi. Si lazima iwe mbao. Muhimu mikono ifanye kazi, maana mikono inakumbuka muda mrefu. Nilikuwa nakaa kwenye vikao vya kazi na mkono wa kushoto umejipanga wenyewe juu ya meza, kidole cha kati kimetangulia, cha pete na cha shahada pembeni yake, tayari kwa W, A na D, vitufe vya kutembelea kwenye gemu.

Tukiwa kwenye mikono: kama vidole vinakufa ganzi usiku au kifundo cha mkono kinauma, nenda kwa daktari, usidhani kuacha kumekuponya. Jian Zihao, mchezaji maarufu wa League of Legends kutoka China anayejulikana kama Uzi, alitangaza kustaafu mwaka 2020 akiwa na miaka 23 tu, akitaja afya, kisukari na mkono vikiwemo. Baadaye alirudi kucheza, lakini hiyo ni habari nyingine.

Wenzako wa timu ndio sehemu inayouma kimyakimya. Unajua mtu anavyopumua akibanwa, unaijua feni ya chumbani kwake, jina la baba yake hulijui. Usipotee ghafla. Waambie unaondoka, chukua namba za simu za wale wawili watatu unaowapenda kweli, kisha toka kwenye kundi la kupanga mechi. Toka kabisa, kuzima mlio hakutoshi. Ujumbe unaoturudisha ni mfupi sana: “Tumebaki wanne, uko wapi?” Unakuja usiku, unakuja kwa upole, na kukataa kunakufanya ujione msaliti. Baadhi yao hawatakutafuta tena. Walimhitaji mtu wa tano, wamempata, na sioni sababu ya kuwalaumu.

Akaunti usiiuze, masharti ya gemu nyingi yanakataza, na ugomvi na mnunuzi utakurudisha palepale. Gemu yenyewe ifute kwenye kompyuta. Nyingi ni makumi ya gigabaiti, na wakati unasubiri ipakuliwe upya, hamu mara nyingi inapita.

Kama umejaribu kuacha mara kwa mara na umeshindwa huku kazi au ndoa ikiharibika, usitegemee makala kama hii. Shirika la Afya Duniani liliuweka ugonjwa wa uchezaji gemu kwenye orodha yake ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika 2022, na wapo wataalamu wa kusaidia. Kucheza sana peke yake hakuhesabiki kuwa ugonjwa.

Je, kucheza tena ndiyo basi? Mimi nacheza mara mojamoja, na watu tuliokaa chumba kimoja, gemu isiyo na ranki. Nikipoteza na kujisikia nataka moja tu ya kulipiza, nazima. Na zile barua pepe za kutangaza msimu mpya, jiondoe kwenye orodha yake leo. Zina tabia ya kuingia wakati ndiyo kwanza umeanza kusahau.